Vijiti vya Fundichuma

Mmeniuliza, wajukuu zangu, kwa nini fundichuma haachi kubeba vijiti hata nyumba yake ikishapata paa. Kaeni niwaeleze, ingawa si habari ya kufurahisha.

Kulikuwa na wakati fundichuma alijenga kama ndege wengine: alimaliza, akaingia, akatulia juu ya mayai yake. Siku hizo Mfalme Tai alitoza kodi ya majengo. Kila nyumba yenye paa ilitoa yai moja kwa msimu, nalo lilipelekwa mwambani kwake. Mkaguzi alikuwa Karani-tamba, yule ndege wa miguu mirefu mwenye manyoya yaliyosimama kisogoni. Alipita mtoni kila siku, na hakuwa na saa maalumu.

Mwaka huo Fundichuma alikuwa mjane. Chatu alimmeza mumewe kabla nyumba haijaezekwa, naye mjane akaimalizia peke yake kwenye panda ya mkuyu, akataga mayai manne. Aliyageuza moja moja, akashindwa kuchagua la kutoa.

Ndipo ikatangazwa nafuu kwa wenye nyumba: nyumba ambayo bado inajengwa haitatozwa kitu.

Karani-tamba alipofika, alimkuta Fundichuma amesimama juu ya paa, kijiti mdomoni.

"Bado tu, mama?"

"Bado, mheshimiwa. Upande huu unavuja."

"Haya. Lakini kila nikipita nikukute kazini. Siku nikikukuta umekaa, nitajua umemaliza."

Basi tangu alfajiri hadi jua kuzama, Fundichuma alikwenda na kurudi, akirundika vijiti juu ya paa lisilovuja. Jirani yake Kwera, ndege mdogo ambaye alikuwa amekwisha kulipa, alimcheka kutoka kwenye matete.

"Shoga, hiyo ni nyumba au ni takataka za mafuriko?"

"Cheka tu. Wangu wote wanne wamo ndani."

"Wamo ndani, na wewe uko nje. Nani anawaatamia?"

"Usiku nawaatamia mimi."

Kwera hakucheka tena. Ilikuwa miezi ya kipupwe, na mchana upepo wa mtoni ulikuwa mkali.

Siku ya thelathini na moja Karani-tamba alikuja kwa mara ya mwisho. "Msimu umefungwa," alisema. "Hudaiwi kitu. Hongera, mama."

Fundichuma alitupa kijiti, akaingia kwa mlango mdogo wa chini. Aligonga yai la kwanza kwa mdomo, akasikiliza. Akagonga la pili, na la tatu, na la nne. Yote yalikuwa yake, na yote yalikuwa kimya.

Mwaka uliofuata, akiwa ameolewa tena, alitoa yai la kwanza bila kulitazama, akatotoa matatu. Lakini baada ya kutotoa alirudia vijiti, asije akakutwa amekaa. Makinda wake walimwona, wakadhani ndivyo watu wazima wanavyoishi.

Mfalme Tai alikufa zamani. Mwamba wake umeota nyasi, na ile kodi hakuna tena anayeikusanya. Ila mkiteremka mtoni jioni hii mtamkuta fundichuma juu ya nyumba iliyoelemea panda ya mti, kijiti mdomoni, akitazama njia. Hakuna aliyekwenda kumwambia.