Kwa Nini Makalio ya Nyani Hayana Manyoya

Shikeni masikio, wajukuu zangu, mniapie kwamba haya hayatoki humu ndani. Mmeapa? Haya. Nami niliapa hivyo hivyo mbele ya bibi yangu, na kabla jua halijazama nilikuwa nimeshawaambia majirani watatu. Basi sikilizeni.

Zamani, wanyama walipokuwa wakiamua mambo yao kwa mkutano, Nyani alikuwa na manyoya mwili mzima, mpaka pale anapokalia. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Walimchagua kwa kuwa alijua kukaa. Sifa yake nyingine mimi sijaisikia. Desturi ilikuwa hii: mwenyekiti akiwa ameketi juu ya jiwe lake, wanyama wanasema; akisimama, kura inapigwa.

Mwaka huo mvua ilikataa. Mto ukawa njia ya vumbi. Mama Swala alikuwa na mtoto mmoja, mchanga, na maziwa yalikuwa yamemkauka. Akaleta hoja: ardhi ya uwanja huu inanukia maji, tuichimbe, tuanzie penye jiwe la mwenyekiti. Karibu wote walimuunga mkono. Nyani akasema hoja ni nzuri, ila haijaiva. Akabaki ameketi.

Siku ya pili, ameketi. Ya tatu, ameketi. Hata adhuhuri, wenzake wakienda kutafuta kivuli, yeye alisema analinda kiti. Na hili nawanong'oneza: midomo ya wenzake ilipasuka, yake ilikuwa laini kama ya bwana harusi. Waliona. Wakasengenya, wakaishia hapo.

Badala ya kuchimba, wakaanza kubishana kama mwenyekiti ana mamlaka ya kuzuia kura. Akaulizwa Kobe, aliyezihifadhi desturi zote kichwani. Akafikiri siku mbili nzima, maana ndivyo alivyo. Kisha akajibu kwamba kura ni ya mkutano, si ya mwenyekiti, na mwenyekiti hawezi kuizuia. Lakini asiposimama, haiwezi kupigwa. Wakamshangilia, hao, ndimi nje kwa kiu.

Mama Swala akasogea mbele. "Mwenyekiti, simama. Mtoto hanyonyi tena."

"Kaa, mama," Nyani akamjibu. "Mkutano una taratibu zake."

Siku ya saba mtoto akafa. Mama yake akamkokota mpaka mbele ya jiwe, akamlaza. Sasa, desturi ya msiba ni kongwe kuliko ya mkutano: maiti akiletwa, kila mmoja husimama, awe nani. Tembo akasimama. Kobe akajiinua kadiri alivyoweza. Macho yote yakamgeukia Nyani.

Akatazama kulia, akatazama kushoto, akajivuta, akasimama. Manyoya ya nyuma yakabaki jiweni, kwa siku saba za kujisugua pale pale. Na katikati ya jiwe palikuwa na ufa, ufani mnachuruzika maji, na utete aliokuwa akinyonyea ungali umechomekwa humo.

Na tangu siku hiyo makalio ya nyani ni mekundu, hayana hata unyoya. Wanyama waliyatazama, kisha wakamtazama mtoto. Mwenyekiti alikuwa amesimama hatimaye, maji yakimtiririka mapajani mbele ya wote, na hakuna aliyekumbuka kupiga kura.