Mwasumini wa Bwana Chui

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakifagia nyua zao kila asubuhi na kusemana na majirani, aliishi Pimbi mmoja aitwaye Kidawa. Nyumba yake ilikuwa chini ya jabali, na mlangoni alipanda mwasumini. Mnaujua? Ni mmea utambaao, wenye maua meupe madogo yanayonukia hata mpita njia akasahau alikokuwa akienda.

Kijiji kile kilikuwa na balaa moja: Chui. Hakugombana na mtu, wala hakumtukana mtu. Alinyata tu. Nyatu, nyatu, nyatu... hap! Mtoto wa Swala hayupo. Hap! Mume wa Bi Kanga hayupo. Watu waliweka matanga bila maiti.

Asubuhi moja Kidawa alikuwa akimwagilia mwasumini wake, akahisi uzito shingoni. Ulikuwa mguu wa Chui.

"Shikamoo, Bwana Chui," akasema. Moyo ulimdunda ndu! ndu! ndu! lakini mkono haukuacha kumimina maji.

"Marahaba. Sali sala yako ya mwisho."

"Haya, bwana. Niache tu nimalize kata hii, mmea usishinde na kiu."

Chui akavuta pumzi. Fff! Fff! "Ni nini hiki kinachonukia hivi?"

"Mwasumini, bwana. Mmea wa wakubwa. Naona haya kuwa nao mimi, mdogo hivi, na kwako haupo. Na watu wa hapa hawana adabu, wanasema maneno."

"Maneno gani?"

"Siwezi kuyatamka."

"Yatamke!"

"Wanasema ukipita kwa Chui, ziba pua."

Chui akajinusa. Alikwisha kuitwa muuaji na mlaaniwa, asijali. Hili lilimchoma.

"Mke wangu naye aliniambia nyumba inanuka," akasema polepole.

"Ningekupandia, bwana. Ila aliyeliwa hapandi."

Chui akafikiri, mguu ungali shingoni. "Utanipandia, na utautunza. Ukichanua, nitakuja kukula."

"Ni haki yako," akasema Kidawa.

Akakata tawi changa, akalipandikiza kwenye udongo wenye samadi, chini ya dirisha la chumba cha Chui.

"Kwa nini usipande kule mbali, uani?" akauliza Chui.

"Harufu ya mbali ni ya majirani, bwana. Yako ni hii ya dirishani."

Chui akaona ni kweli. Akakata fito mwenyewe, akafunga uchanja wa mmea kupandia. Kidawa akamfundisha asiumwagie maji mengi, mizizi isije ikaoza, na akate ncha zinazorefuka ili machipukizi yatokee pembeni. Akipita Nyati, Chui hupiga kelele, "We! Usikanyage hapo!"

Bi Kanga, yule mjane, akaacha kumsalimu Kidawa. "Unampambia nyumba aliyemla mume wangu!"

"Subiri uchanue, dada," Kidawa akajibu. Hakusema zaidi, kwa kuwa naye alikuwa na hofu. Kila tumba jipya lilimkosesha hamu ya kula.

Mvua zilipokwisha, mwasumini ukachanua. Uchanja wote mweupe pee! Bi Chui hakujiweza kwa furaha. Akatia maua kwenye mito, akatia kwenye godoro, akayaloweka kwenye mafuta, akamkanda nayo mumewe mgongo mzima. Chui akanukia kama chumba cha bibi harusi.

Ndipo akaenda kumla Kidawa, kama walivyoagana. Alinyata vizuri kuliko siku zote. Nyatu... nyatu... Hata jani kavu halikulia.

Kidawa alikuwa akipepeta mtama. Fff! Akanusa mara moja, akaweka ungo chini, akajipenyeza katika ufa wa jabali. Chui alipofika akakuta ungo.

"Kidawa! Uko wapi?"

"Niko humu, bwana. Nilijua unakuja tangu ulipokuwa kule kisimani."

"Uongo! Sikutoa sauti hata kidogo!"

"Hukutoa sauti, bwana. Umenukia."

Chui akaenda kwa Swala. Fff! Swala na wanawe mbio! Akaenda kwa Bi Kanga. Fff! Bi Kanga akaruka purrr! mpaka juu ya mti, akamwambia kwa adabu, "Bwana Chui, unanukia vizuri."

Hapo Chui akaelewa. Akarudi kwake mkukumkuku, akashika panga, akausogelea mwasumini. Bi Chui akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kata. Halafu utafute pa kulala."

Wakati huo huo Nyati akapita njiani, akasimama, akafumba macho. "Ama kweli, Bwana Chui! Kijiji kizima hakuna nyumba inayonukia kama yako!"

Tumbo la Chui likanguruma nguruuu. Akalitazama panga. Akamtazama Nyati.

"Ahsante, jirani," akasema, akaliweka panga chini, akaenda kuutilia mmea maji.

Basi wanangu, mwenye njaa ya sifa hulala na njaa ya tumbo.