Funguo za Gari la Mzee Elinihaki

Sogeeni karibu. Nimechoka, kwa hiyo nitasimulia mara moja tu, na mwishoni kazi itakuwa yenu.

Huko milimani Upare walikuwako watu watatu. Nakiete, kiongozi wa kwaya, alikuwa na jicho la kuona yanayowapita wenzake. Senzota, fundi redio, alikuwa na subira ya kumchosha hata anayemtazama. Tumsifu, seremala, alikuwa na kumbukumbu: msumari alioupiga miaka kumi iliyopita atakuonyesha ulipo.

Kijijini gari lilikuwa moja, pikapu kuukuu ya Mzee Elinihaki, nalo ndilo lililoteremsha wagonjwa hospitali. Kwa miezi miwili likawa linazimika njiani. Fyuzi inaungua, watu wanashuka, wanasukuma. Mafundi wa mjini walilipima mara tatu wakasema ni zima, likipanda mlima yaleyale. Binti wa Nakiete alijifungulia kando ya barabara, juu ya kanga za watu, gari limekufa. Mungu saidia, mama na mtoto walipona.

Macho ya Mzee yalikuwa yanafifia, na hakuwa na mtoto wa kumrithisha gari. Akasema atakayeiondoa hiyo shoti, huo umeme unaovuja na kuunguza fyuzi, achukue funguo, gari liwe lake, mradi wagonjwa wasiachwe. Wote watatu wanajua kuendesha.

Nakiete akasema mjini wanalipima likiwa tupu, ilhali huku halizimiki mpaka watu wakae kwenye benchi la nyuma. Akaileta kwaya yake, akina mama kumi na wawili, akawapandisha.

Senzota akatoa fyuzi, akaweka balbu mahali pake. Balbu ikiwaka, shoti ipo. Akawa anachomoa waya mmoja mmoja. Kaeni. Simameni. Kaeni tena. Siku mbili, jamani, mpaka magoti ya akina mama yakawa yanauma. Mwishowe akaupata: waya wa taa za nyuma. Lakini waya wenyewe umepita chini ya bati la sakafu lililochomelewa, na bati lile likikatwa lote, gari linabaki chuma chakavu.

Wakakaa chini, hoi. Ndipo Tumsifu, aliyekuwa amelisukuma gari lile kuliko mtu yeyote, akasema kwa sauti ndogo:

"Benchi nililifunga mimi, miezi miwili iliyopita. Skrubu fupi ziliniishia, nikaweka moja ndefu."

Akaenda moja kwa moja kwenye kona ya kushoto ya benchi, akaifungua skrubu hiyo. Ncha yake, iliyotoboa bati na kugusa waya kila watu walipokaa, ilikuwa imeungua, nyeusi. Kwaya ikakaa, balbu haikuwaka.

Nakiete akamwuliza amejua tangu lini.

"Nilishuku tangu mwezi ule lilipoanza kuzimika, dada. Niliona aibu. Kila siku nikasema kesho."

"Mjukuu wangu amezaliwa kwenye vumbi, Tumsifu."

Tumsifu akalia mbele ya watu wote, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumgombeza wala ya kumbembeleza.

Mzee bado ameshika funguo, anageuza uso kila sauti inapotokea. Bila Nakiete, hadi leo wangekuwa wanapima gari tupu. Bila Senzota, wasingejua ni waya gani. Bila Tumsifu, bati lingekatwa na gari lingekwisha; na bila Tumsifu huyohuyo, pasingekuwa na shoti. Kesho asubuhi kuna mgonjwa wa kuteremshwa, na mtu mmoja ndiye atakayewasha.

Mimi nimeshindwa. Je, wewe uliyekaa kitako ukinisikiliza, funguo hizo ungempa nani?