Tikiti Tumboni mwa Kiboko

Paukwa!

*Pakawa!*

Pakawa nini?

*Pakawa uwanja, pakawa mstari, pakawa wabishi wasiochoka!*

Haya, sogeeni. Ngano hii sikusimuliwa na bibi wala babu. Nilikuwepo mwenyewe, nimekaa juu ya kichuguu kirefu kuliko vyote, na macho yangu mnayajua. Atakayesema haikuwa hivi, muulizeni yeye alikuwa amekaa wapi.

Ulikuwa mwaka wa kiangazi kikali. Bwawa lilibaki moja tu, nalo lilikaliwa na wanyama wa Mtoni: Kiboko, Ngiri, Nyati na jamaa zao wote wenye miili. Wanyama wa Mawe, wale wadogo wadogo, walilamba umande. Kati yao alikuwemo Pimbi, kinyama cha ukubwa wa sungura kinachoishi kwenye nyufa za majabali. Pimbi alikuwa na watoto wachanga. Kila asubuhi mkewe alimwambia, "Baba watoto, maziwa yamekauka." Kila asubuhi Pimbi alimjibu, "Vumilia, mama. Mechi inakuja."

Maana kila kiangazi ilichezwa mechi moja, Mtoni na Mawe. Tikiti la porini ndilo mpira. Unalibeba kwa mdomo, kwa pembe, kwa kichwa, upendavyo. Likigusa ardhi nyuma ya mstari wa wapinzani wako, hilo ni goli. Anayeshinda anachukua bwawa mpaka mvua. Wakitoka sare, bwawa linabaki kwa aliyelikalia. Jua likizama, mechi imekwisha. Refa alikuwa Korongo, kwa sababu ana mguu wa kusimamia na mguu wa kufikiria.

Basi siku ikafika. Walicheza, vumbi likatimka, tifu tifu tifu! Mtoni hawana goli, Mawe hawana goli. Alasiri ilipoanza kupoa, Digidigi wa Mawe alipenya katikati ya miguu ya Nyati, akalirusha tikiti kwa kichwa. Tikiti likapaa. Likavuka mstari wa Mtoni. Likaanza kushuka.

Na pale nyuma ya mstari alisimama Kiboko, shabiki mkuu wa Mtoni, mdomo wazi, akipiga kelele, "Toaaa! Toa hilo!" Kiboko hajawahi kuliona tikiti akaliacha lipite. Akasogea hatua, akainua shingo.

Kap! Gulu!

Tikiti likaenda zake.

"Limevuka!" wakapaza sauti Mawe.

"Halijagusa!" wakapaza sauti Mtoni.

"Limevuka!"

"Halijagusa!"

Korongo akapuliza priiii! Akasimama kwa mguu mmoja, akafikiri. "Kuvuka limevuka," akasema, "lakini ardhi halijaigusa. Si goli."

"Umesikia wewe, kokoto?" Ngiri akamcheka Pimbi, aliyekuwa akiwashangilia Mawe kando ya uwanja. "Mpira umeliwa. Hakuna mpira, hakuna mechi. Nendeni mkalambe mawe yenu!"

Pimbi akageuka. Alilitazama tumbo la Kiboko jinsi lilivyoning'inia, unyayo mmoja tu kutoka chini. Akasogea kwa adabu.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Sema haraka."

"Wenzangu huku wanakusema. Wanasema Mzee meno yamelegea, lile tikiti amelitafuna kidogo kidogo kama uji wa mgonjwa."

"Nani? Mimi?" Kiboko akavimba. "Mimi nitafune tikiti? Kutafuna ni kazi yenu wenye vijino! Nimelimeza zima, na lipo zima, hebu sikiliza!" Akajitikisa, na kweli, ndani ya tumbo likasikika ndu, ndu, ndu.

"Refa umesikia," akasema Pimbi. "Mpira upo. Mechi inaendelea."

Korongo akabadilisha mguu, akafikiri tena. "Tikiti zima ni tikiti," akasema. "Likivaa ganda, ni tikiti. Likivaa tumbo la Kiboko, ni tikiti. Tumbo hilo likigusa ardhi hapo nyuma ya mstari, ni goli la Mawe."

Mtoni wakapiga kelele mpaka kunguru wakahama. Ngiri akamwita Korongo majina ambayo sitayarudia mbele ya watoto.

"Basi Mzee asogee mbele, aingie uwanjani!" akasema Ngiri.

"Shabiki akiingia uwanjani, timu yake imeshindwa," akasema Korongo. "Sheria hiyo mliidai ninyi wenyewe mwaka jana."

"Basi arudi nyuma, aingie bwawani!"

"Maji yenyewe ya kifundoni," akasema Pimbi kwa upole. "Na tope ni ardhi."

Kiboko akacheka, ho ho ho. "Mnahangaika nini? Jua si lile linashuka? Nitasimama."

Na akasimama. Mawe wakabishana na Mtoni, naye amesimama. Wakabishana kama tumbo ni sehemu ya Kiboko au ni sehemu ya tikiti, naye amesimama. Jua likamchoma ngozi, inzi wakamkalia masikioni, miguu yake mifupi ikaanza kutetemeka, tete tete tete, naye amesimama tu.

Jua likakaribia kilima. Pimbi akatazama upande wa majabali, akamwona mkewe mlangoni na wale wachanga. Hawalii. Mtoto mwenye kiu akiacha kulia, baba hana tena muda wa kubishana.

Ndipo Pimbi akajiuliza: hawa Mtoni wakishinda, hufanyaje? Hawaimbi. Hawachezi ngoma. Mtoni wakishinda hujitupa chini wote kwa pamoja, matumbo ardhini, wakagaragara. Ndivyo walivyofanya mwaka jana, ndivyo walivyofanya mwaka juzi, na anayebaki amesimama huonekana msaliti.

Pimbi akamnong'oneza Digidigi. Digidigi akamnong'oneza mwenzake. Mara Mawe wote wakaangua kilio, "Uwiii! Tumekwisha!" Wakabeba watoto wao, wakageuka, wakaanza kuondoka vichwa chini.

Pimbi akamwendea Kiboko, machozi yanamtiririka. "Mzee, hongera. Mawe tumekubali, Mtoni mmetuweza. Bwawa ni lenu."

"Wameondoka!" Ngiri akaruka. "Wamekubali! Tumeshinda, jamani, tumeshindaaa!"

Ngiri akajitupa chini, pu! Nyati akajitupa, puu! Mtoni wote wakajitupa, vumbi likafunika uwanja. Kiboko akaangaza huku, akaangaza huku. Shabiki mkuu wa Mtoni, amesimama peke yake! Miguu nayo ilikuwa ikimwomba tangu alasiri.

PUUUUU!

Akagaragara kwa raha yote, ndu ndu ndu, tikiti likimviringika tumboni.

Priiiiii!

"Goli la Mawe," akasema Korongo. Na juu ya kilima jua lilikuwa bado limebaki, jembamba kama ukucha.

Kiboko akainua kichwa chenye vumbi. "Lakini wewe Pimbi, si umesema mmekubali? Si umenipa hongera?"

"Nimekupa, Mzee, na siirudishi," akasema Pimbi akijifuta machozi. "Lakini mimi ni shabiki tu. Refa ni Korongo."

Kisha jua likazama, na Pimbi akawa wa kwanza kuinamisha kichwa bwawani. Hakunywa. Alijaza mashavu, akapanda nayo majabalini, akarudi, akajaza tena, mpaka mle ndani ya ufa kilio cha watoto kikasikika upya, kikubwa, cha watoto wenye nguvu zao.

Mtoni wakainuka, wakajikung'uta, wakawapa Mawe mikono, wakasema, "Mmecheza vizuri, jirani," wakaenda zao kimya kimya.

Fundisho la ngano hii, watoto, ni hili: mchezaji mstaarabu hukubali kufungwa. Pimbi alikubali mapema, kabla ya kila mtu, tena kwa machozi, na ndiyo maana akashinda. Na msimeze vitu bila kutafuna.

Ngano yangu nimeitua. Palipo na utamu gawaneni, palipo na mchanga temeni.

Yote niliyosema niliyaona. Ila pale Mtoni walipotoa mikono wakaenda kimya, hapo nimetia langu, ili mlale vizuri. Kweli yenyewe ni kwamba hawajaondoka mpaka leo. Wako palepale kwenye mstari, wanasema halijagusa.