Shamba la Obadia Lisilo na Pembe

Katika kijiji kimoja cha Wayahudi, kila mkulima aliwaachia maskini mazao ya pembe za shamba lake, kama Torati inavyoagiza. Obadia, tajiri wa kijiji, alipomzika baba yake aliona mzee alikuwa akigawa mno. Msimu uliofuata akapanda mahindi kwa duara, katikati ya kiwanja chake cha mraba.

Mjane mmoja, Sipora, akamshtaki kwa rabi, kiongozi wao wa dini.

"Marehemu baba yake alituachia pembe," alisema.

"Basi anionyeshe pembe ya duara," Obadia alijibu.

Rabi alikuna ndevu.

"Labda nimekosea," Sipora alisema. "Mzee wangu, niambie mbele ya rabi shamba lako linaishia wapi, nisije nikakusumbua tena."

"Linaishia mahindi yanapoishia. Nje ya hapo usiniulize kitu."

Sipora alimshukuru, akaenda zake.

Asubuhi Obadia alimkuta na wajane wenzake wakipanda maharage nje ya duara, katika pembe nne za kiwanja.

"Nani kawaruhusu kulima shambani mwangu?" alifoka.

Sipora aliegemea jembe. "Kama hapa ni shambani mwako, mzee wangu, basi hizi ndizo pembe zake. Na kama si shambani mwako, mbona unatupigia kelele?"