Saumu na Maji Bustani Moja

Kaeni niwape kesi. Mwenye hasira azilete, maana zangu peke yangu hazitoshi.

Huko milimani Lushoto, Mzee Shemzigwa alikuwa na mabinti watatu. Zaujia alijaliwa macho, Rukaiya vidole, Tunu pua. Mzee mwenyewe alijaliwa ubahili wa maneno. Alimwambia kibarua, "Panda vitunguu," akaenda zake. Vitunguu gani, saumu au maji? Hakusema. Kibarua akavikuta vyote viwili ghalani, akavipanda mchanganyiko.

Saumu ikakomaa, mawingu yakatanda. Ikinyeshewa ardhini, inaoza. Vitunguu maji vilikuwa bado vichanga. Ukikosea ukaking'oa, umekiua. Mzee akawafokea mabinti, eti wao ndio wazembe! Kisha akaapa mbele ya majirani: "Atakayeitoa saumu yote bila kung'oa kitunguu maji hata kimoja, bustani ni yake."

Upande wa juu majani yalikuwa yamesimama. Zaujia akatazama. "Hili limejikunja katikati kama karatasi, saumu. Hili la mviringo kama mrija, maji." Akang'oa saumu, hakukosea.

Katikati, mvua ya mawe ilikuwa imeyalaza majani yote, yakawa bapa. Macho ya Zaujia yakashindwa. Rukaiya akabinya. "Hili lina uwazi ndani, maji, liache. Hili limejaa, saumu." Hakukosea.

Chini, mbuzi walikuwa wamekula majani, vimebaki vishina tu. Tunu akapiga magoti, akakwaruza kishina kwa ukucha, akanusa, kimoja kimoja, mpaka machozi yakamtoka.

"Mbuzi wamesahau mwenzao," Zaujia akamtania.

"Cheka tu. Hii saumu, shika."

Naye hakukosea.

Mvua ilipoanza, saumu yote ilikuwa barazani. Mzee akakohoa. "Ahsanteni, wanangu. Bustani nampa kaka yenu Hizza. Nyie mtaolewa."

Hizza! Aliyeshinda barazani na simu yake!

"Baba, uliapa!" Tunu akapaza sauti. "Huyu hajui hata saumu ikoje."

"Naijua," Hizza akajibu. "Si ile nyekundu?"

Majirani wakaangua kicheko. Bi Mwanamvua, jirani wa karibu, hakucheka. "Mzee, kiapo tulikisikia sote. Hizza ametoa nini ardhini?"

Mzee akawageukia majirani. "Haya, mchagueni mmoja wao. Mkishindwa kukubaliana, inabaki kwa Hizza."

"Mimi ndiye niliyeanza," Zaujia akasema, "nyie mlikuwa mmeshakata tamaa."

"Ukaishia njiani," Rukaiya akamjibu. "Vidole vyangu vingeweza hata kwako juu."

"Na pua yangu ingeweza kote," Tunu akasema. "Ila ningenusa bustani nzima peke yangu, mvua ingenikuta."

Majirani wanabishana mpaka sasa, na Hizza anawasikiliza akitabasamu. Msiniambie wagawane: kibustani hicho ukikikata vipande vitatu, jembe halina pa kugeukia. Ninyi mliokaa hapa, msimwachie Hizza. Kati ya Zaujia, Rukaiya na Tunu, mnampa nani, na kwa nini?