Kompyuta Nzito ya Mzee Nyati

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kusomesha watoto, Mzee Nyati alikuwa na binti mmoja, Nyamizi. Binti huyo alifaulu mtihani, akaitwa chuo cha uuguzi ng'ambo ya mto. Barua ilisema kila mwanafunzi aje na kompyuta mpakato, kwa kuwa masomo na mitihani yote vimo humo. Asiye nayo atarudishwa kwao.

Baba yake akauza mtama wote wa ghalani. Fedha iliyopatikana haikuwa haba wala nyingi. Ilitosha kompyuta moja nzuri. Ikiharibika, hakuna nyingine.

Wakaenda dukani kwa Nguchiro, muuza kompyuta za mtumba. Njiani Nyamizi alimweleza baba yake aliyoambiwa na waliotangulia chuoni: betri ikae na chaji, kioo kisilegee, na iwashwe kabla ya kulipa. Mzee alisikiliza nusu. Kwa nyati, kitu cha kudumu ni kile kizito, nacho hupimwa kwa kwato.

Nguchiro aliwajua nyati. Dukani alikuwa na kompyuta nyembamba, nzima kabisa. Alikuwa na nyingine iliyokufa zamani; hiyo aliitoa matumbo, akaijaza udongo na vyuma, akaikaza skrubu.

Akamwekea Mzee Nyati ile nyembamba. Mzee akaisukuma kwa pua.

"Hili ganda la karanga. Na ile pale?"

"Ile iache, mzee wangu," Nguchiro akasema kwa upole. "Juzi Kiboko mwenyewe alishindwa kuibeba. Ngoja nikutafutie nyepesi zaidi."

Mzee Nyati akaivuta chini, akaikanyaga. Kwatu! Kwatu! Haikubonyea. Akatabasamu.

Desturi yao ni kwamba ndama hasemi baba anaponunua. Nyamizi alijizuia, akashindwa.

"Baba, naomba tuiwashe kwanza."

"Tangu lini ndama akanifundisha mbele za watu?"

"Msamehe, mzee, ana hamu ya kusoma," Nguchiro akacheka. "Betri imelala tu. Akiichaji siku mbili itaamka."

Nyamizi akainamisha kichwa. Mzee akalipa.

Nyamizi alivuka mto na mzigo ule mgongoni, mabega yakachubuka. Akaichaji siku mbili. Siku ya somo la kwanza wenzake walifungua kompyuta zao, darasa zima likang'aa. Yake ilibaki giza. Fundi Kakakuona alipofungua skrubu, udongo ukamwagika mezani, pruu. Hakuna aliyecheka.

"Binti," fundi akasema, "humu hamna kompyuta."

Mzee Nyati alipopata habari alikimbilia dukani, pembe chini, tayari kuua. Alikuta mlango wazi na vumbi. Nguchiro alikwisha kuhamia mji mwingine, ile nyembamba kwapani.

Chuo kilimngoja Nyamizi majuma mawili, kisha nafasi yake akapewa Swala.

Aliporudi nyumbani, baba yake alikuwa amesimama uani.

"Nilitaka idumu, mwanangu."

"Najua, baba," Nyamizi akajibu. Akachukua jembe, akatangulia shambani.

Basi, wadogo zangu, laghai hamshindi mwenye nguvu kwa nguvu. Humshinda pale anayejua anaponyamazishwa.